Chupa Mbili Zilizorudi na Maji: Uchambuzi wa Kisa cha Kupanda Mlima Kaskazini ya Kigoma

Mwishoni mwa Agosti, kipupwe kinapoelekea ukingoni na mvua zikiwa bado mbali, tulipanda watu saba mlima mmoja ulio juu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kibirizi, ufuko wa boti karibu na mji wa Kigoma, kwa nia ya kwenda na kurudi siku ileile. Mmoja wetu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alianguka wakati wa kushuka kwa sababu ya kuishiwa maji mwilini. Tulipofungua begi lake ili tumpe maji, tulikuta chupa zake mbili za lita moja na nusu zikiwa humo: ya kwanza imepungua vidole viwili tu, na ya pili hata ile pete ya plastiki ya kifunikoni haijakatika. Alikuwa amebeba kilo tatu za maji hadi juu na kuanza kuzirudisha chini, huku mwili wake ukikauka.

Ninakieleza kisa hiki kwa idhini yake, naye amesoma kila mstari. Nimeona kinastahili kuchambuliwa kwa kuwa maelezo tuliyopeana siku ile, kwamba jua lilikuwa kali na kwamba yeye si mzoefu, hayaelezi chochote. Jua lilitupiga sote. Tena, ukimwondoa kijana wa kijijini aliyetuongoza, mwalimu ndiye aliyekuwa na miguu imara kuliko sisi wengine. Hutembea kilomita nyingi kila wiki kwenda na kurudi kazini.

Tulikuwa wanaume wanne marafiki, wanawake wawili na kijana huyo. Mume wa mwalimu ni rafiki yangu wa siku nyingi, na siku hiyo alikuwa safarini Kasulu, kwa hiyo mkewe alikuja nasi kama mtu anayekuja na mashemeji zake. Mwanamke wa pili ni binti wa miaka ishirini na mitano anayeuza katika duka la dawa mjini. Ninataja uhusiano huu mapema kwa sababu ndio uliobeba kisa chote, ingawa mimi, niliyekuwa mkubwa kwa umri na mpangaji wa safari, sikuuzingatia hata kidogo.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Milima hii ni ukingo wa Bonde la Ufa. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufukweni ardhi inainuka ghafla hadi migongo ambayo sehemu nyingine hupita mita 1,500. Ni safu ileile iliyobeba Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Uso wa mlima unatazama magharibi, yaani ziwani, na jambo hili lina athari kubwa kwa anayetembea. Asubuhi mlima wenyewe humkinga mpandaji na jua, naye hupanda hadi karibu saa tatu akiwa kivulini, akidhani siku itakuwa ya baridi. Alasiri mambo hugeuka: jua likishainama upande wa ziwa, mteremko unakuwa umelielekea moja kwa moja kama sahani iliyoegemezwa ukutani, wala hakuna pa kulikwepa.

Saa yenyewe pia hudanganya wageni. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 za longitudo ya mashariki, ilhali Kigoma ipo karibu na nyuzi 30. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takribani saa nzima. Huchomoza karibu saa moja asubuhi, hufika utosini karibu saa saba, na huzama karibu saa moja jioni. Wenzangu wawili waliotoka Dar es Salaam walikuwa wamehesabu kwamba saa nane joto litakuwa limeanza kupungua, lakini kwa mlima unaotazama magharibi, saa nane na saa tisa za Kigoma ndizo saa mbaya kuliko zote.

Kuna pia majira. Kiangazi kinapofika Agosti, nyasi za vilimani huchomwa: wengine huandaa mashamba, wengine wanataka majani mapya kwa ajili ya mifugo, na mara nyingine moto humponyoka tu aliyeuwasha. Mgongo tulioupanda ulikuwa umeungua kama wiki mbili kabla. Ardhi ilikuwa nyeusi, imejaa visiki vya nyasi vilivyoacha masizi viganjani kila uliposhika, na kati ya visiki hivyo kulikuwa na changarawe ndogo za mviringo zinazoteleza chini ya kiatu. Mininga ilikuwa imepukutisha majani yote. Miyombo ilikuwa imeanza kuchipua majani yake mekundu yanayotangulia mvua, mazuri mno kwa macho, lakini kivuli chake kilikuwa chepesi kama cha chandarua. Mtu aliyesimama popote kwenye mgongo ule alionekana kutoka mbali sana, juu na chini.

Kwa mwanaume, uwazi huo hauna uzito. Akibanwa na haja ndogo, husogea hatua kumi, akawapa wenzake mgongo, na safari ikaendelea. Kwa mwalimu aliyekuwa na mashemeji wanne na kijana wa umri wa wanafunzi wake wa zamani, mlima mzima haukuwa na mahali hata pamoja pa kujisitiri.

Aliamua basi kutokunywa, na uamuzi huo hakuufanyia mlimani. Alinieleza baadaye kwamba alikunywa maji mara ya mwisho usiku wa kuamkia safari, saa mbili, kwa sababu alijua asubuhi tutapanda boti ya mbao kutoka Kibirizi na katika boti hiyo hakuna choo. Alfajiri alikula chapati moja kavu akaiacha chai. Ufukweni, tulipoteremka saa mbili asubuhi, sisi wanaume tulitawanyika kwenye vichaka. Yeye alibaki amesimama karibu na mizigo akizungumza na akina mama waliokuwa wakianika dagaa, na aliona haya kuwauliza choo kiko wapi. Njiani alikuwa akilowesha midomo kila tulipopumzika, akipeleka chupa kinywani ili aonekane anakunywa. Hadi anaanguka, yapata saa nane na dakika arobaini mchana, ilikuwa imepita zaidi ya saa kumi na nane bila kupata kinywaji cha maana, na saa sita kati ya hizo amezitumia mlimani. Mtu anayepanda mlima katika joto anahitaji kati ya nusu lita na lita nzima kwa kila saa.

Sasa nirudi kwenye njia, kwa sababu hapo ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi lilipofanyika, nalo lilikuwa letu. Kutoka kijijini kuna njia mbili za kufika juu. Moja hupita kwenye korongo, kando ya kijito ambacho hata mwezi Agosti hubaki na maji membamba, chini ya michikichi na miti mikubwa ya kando ya maji ambayo moto huwa hauigusi. Ni ndefu na inapinda sana, na ndiyo wanayotumia akina mama wa kijiji kwenda na kurudi mashambani. Ya pili hupanda mgongoni moja kwa moja. Kijana alituuliza tunataka ipi, nami nikajibu kwa niaba ya wote kwamba tunataka ya mgongoni ili tuone ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Alisita kidogo, akasema, "Sawa, kaka," akatangulia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunieleza tofauti ya njia hizo, alijibu kwamba wageni walikuwa wamekwisha kusema wanachotaka. Hakika siwezi kumlaumu. Milima ya Kongo nayo hatukuiona, kwa sababu moshi wa mioto ya kiangazi ulikuwa umetanda juu ya ziwa kama ukungu na upande wa pili ulikuwa mweupe mtupu.

Njia ya akina mama ilikuwa na kivuli, maji ya kujipooza na vichaka vya kujisitiri. Sisi tuliiona kuwa njia ya kazi tu, isiyofaa matembezi. Ninaamini kwamba kama tungepita huko, mwalimu angekunywa, na kisa hiki kisingekuwepo.

Tulifika juu saa sita na nusu. Alikuwa wa pili kufika. Tulikula mihogo ya kuchemsha na migebuka iliyokaangwa, yenye chumvi nyingi, naye alikula vipande viwili akasema ameshiba. Akasema kichwa kinamuuma kidogo. Mmoja wetu akamwazima kofia, na jambo likaishia hapo. Ninapolikumbuka pumziko lile la zaidi ya saa nzima, ninaona dalili zilikuwa zimepangana mbele yetu: maumivu ya kichwa, kukosa hamu ya chakula, ukimya wa mtu ambaye asubuhi alikuwa msemaji, na hasa kwamba tangu alfajiri hakuna aliyemwona akienda pembeni. Hili la mwisho haliulizwi kwa adabu zetu, na kwa kuwa haliulizwi, halikuhesabiwa.

Niliuliza maji, na niliuliza mara tatu. Nilisema kwa sauti, "Jamani, mnakunywa maji?" nao wakajibu kwa pamoja kwamba wanakunywa. Kumbe swali langu lilikuwa na umbo la salamu. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu nzuri hata kama ametoka kumuuguza mtoto usiku kucha, kwa sababu hilo ndilo jibu la salamu, na habari zenyewe hufuata baadaye mkiwa mmekaa wawili. Mara ya tatu nilimgeukia yeye mwenyewe, akatabasamu: "Niko sawa, shemeji." Nilitosheka. Kabla ya kuondoka Kibirizi nilikuwa nimekagua mabegi yote na kuhakikisha kila mmoja ana lita tatu, na kwa kuwa hesabu yangu ya asubuhi ilikuwa kamili, sikuona haja ya kutazama chupa tena.

Tulianza kushuka saa nane kasorobo. Kushuka mteremko ule kunachosha mapaja na magoti kuliko kupanda, na mtu aliyekauka huyumba mapema. Alianza kuteleza kwenye changarawe. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili hakucheka, mara ya tatu alikaa chini akashika mashavu ya miguu akisema yanakaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, naona giza," akalala ubavu juu ya majivu. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya kupauka na yenye unyevunyevu wa baridi, mapigo ya moyo yalikwenda mbio, na alitapika mara mbili. Aliweza kujibu maswali, akataja jina la mumewe na siku ya juma, na hilo lilitupa nafuu kubwa. Huo ni uchovu wa joto. Kama angeanza kuchanganyikiwa au kuongea maneno yasiyoeleweka, huku mwili ukiwaka, kingekuwa kiharusi cha joto, ambapo joto la mwili hupita nyuzi 40 na maisha huwa hatarini katika muda mfupi.

Mmoja wa wenzangu alisema hiyo ni malaria tu. Hapa kwetu kichwa kikiuma na mtu akatapika, hilo ndilo neno la kwanza kumjia kila mtu, nalo si neno la kijinga. Ni haki kulipima. Lakini tungelifuata pale pale tungekimbilia kumteremsha juani haraka iwezekanavyo hadi kwenye boti, na nina hakika tungemzidishia. Kijana ndiye aliyetuongoza vizuri. Alielekeza kidole kushoto, akasema korongo liko karibu, na tukambeba kwa zamu, tukikata mteremko kwa pembeni, hadi chini ya michikichi.

Pale tulifanya yanayojulikana: tulimlaza, tukainua miguu yake juu ya mabegi, tukalegeza mavazi ya shingoni. Binti wa duka la dawa alikuwa na pakiti mbili za ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa aliyeishiwa maji mwilini, katika mfuko wa pembeni wa begi lake. Kwa kuwa pakiti moja ni ya lita moja ya maji na chupa ni ya lita moja na nusu, alimimina theluthi ya chupa ile ambayo haijafunguliwa juu ya kanga, akamfunika nayo kichwani na kifuani, kisha akachanganya dawa katika yaliyobaki. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. (Asiye na pakiti anaweza kutumia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi.)

Mwalimu alikataa kunywa. Tulimsihi, mimi nikiwa wa kwanza, na kila nilivyosihi alifumba midomo. Wanaume wanne tulikuwa tumemzunguka tukimwinamia, tukimpepea kwa kofia, tukiamini kwamba ndio wema. Yule binti alituangalia mmoja mmoja, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kaka zangu, naomba mteremke hadi kwenye lile jiwe, na msirudi mpaka niwaite."

Tuliteremka. Kutoka kwenye jiwe sikuona kitu, isipokuwa mara moja upepo ulipoinua pindo la kanga ya pili, iliyokuwa imeshikiliwa kama pazia kati ya michikichi miwili. Robo saa baadaye tuliitwa. Mwalimu alikuwa ameketi ameegemea shina, chupa mkononi, akinywa funda dogo kila baada ya dakika moja au mbili kama alivyoelekezwa. Binti alinieleza baadaye, kwa ruhusa ya mwenzake, kwamba mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Alikuwa amejizuia tangu alfajiri, akihofu kwamba hata funda moja likiongezeka atashindwa. Kwa hiyo tiba ya kwanza katika kisa hiki ilikuwa ni sisi kuondoka. Maji yalikuwepo tangu asubuhi, dawa ilikuwepo, na visingeweza kufanya kazi yoyote mpaka wanaume wanne wahesabiwe kuwa sehemu ya tatizo.

Tulikaa korongoni hadi saa kumi na nusu, tukashuka polepole kwa njia ya akina mama, na kufika ufukweni saa kumi na mbili na dakika ishirini. Huko Dar es Salaam, ambako jua hutangulia kuzama kwa zaidi ya nusu saa, wakati huo lingekuwa linazama. Huku bado lilikuwa juu ya ziwa, jekundu kwa moshi. Asubuhi iliyofuata alikwenda kupimwa katika kituo cha afya. Malaria haikuonekana, na baada ya siku mbili alirudi darasani.

Wapo waliosikia kisa hiki wakasema angesema tu. Ninalipinga jambo hilo kwa moyo wote. Kumtaka mtu aliyelelewa kwa stara asimame mbele ya rafiki za mumewe na kutangaza haja yake, tena mbele ya kijana, ni kumtaka alipe gharama ambayo sisi wengine hatukutakiwa kulipa hata senti. Jambo ambalo kila mwili utalihitaji katika safari ya saa kumi lilipaswa kupangwa na aliyepanga boti, chakula na njia. Ningeweza pia kumweleza yule binti pembeni siku moja kabla, naye angejua la kufanya, kama alivyojua. Yeye mwenyewe alikunywa kidogo kidogo siku ile, akihesabu kama mwenzake, ila alianza safari akiwa amekunywa chai vikombe viwili, na tofauti hiyo ndogo huenda ndiyo iliyomwacha amesimama.

Wiki tatu baadaye tulirudi, watu walewale, mume wa mwalimu akiwa wa nane. Tulipita korongoni. Asubuhi ufukweni, kabla ya jambo lolote, yule binti alimwamkia mama mmoja mwenye nyumba ya karibu, "Shikamoo mama," akamwomba choo kwa ajili ya wanawake. Tulikubaliana kwamba kila baada ya saa moja wanaume watatangulia bila kuuliza wala kuulizwa, watembee hadi mahali kijana atakapopataja, na wangoje huko. Katika kila kituo kila mtu, mimi nikiwamo, alitoa chupa yake begini na kuiweka chini mbele ya wenzake, ili ionekane imebaki kiasi gani. Hakuna aliyehojiwa.

Upande wa Kongo ulionekana siku hiyo, kwa dakika chache, moshi ulipopisha. Wengine walisimama kutazama. Mwalimu alikuwa ameketi chini ya mti akiikamua chupa yake ya kwanza, tupu, mpaka ikawa bapa, kisha akaitia begini na kufungua ya pili.